Meneja wa Edmonton Alistahili Kufukuzwa

Januari 2019 Edmonton Oilers, timu ya Kanada ya mpira wa magongo wa barafuni, ilimfukuza meneja mkuu wake, Peter Chiarelli. Ilikuwa haki. Ligi ya NHL huweka kikomo cha mishahara, na msimu ule kilikuwa dola milioni 79.5 kwa kila timu. Meneja ni kama mfanyabiashara asiye na pa kukopa. Akinunua vibaya, mtaji umefungwa.

Juni 2016 Chiarelli alimtoa mshambuliaji Taylor Hall kwa New Jersey, akapewa beki mmoja tu, Adam Larsson. Siku mbili baadaye akamsainisha Milan Lucic, miaka 28, kwa miaka saba na dola milioni 42. Msimu wa 2017-18 Hall alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Lucic alifunga mabao 10. Mali iliyouzwa ilipanda bei, iliyonunuliwa ikashuka, malipo yakabaki palepale.

Watetezi wake hutaja mtoano wa 2017, wa kwanza baada ya ukame wa miaka kumi, na mkataba wa Leon Draisaitl wa dola milioni 68, uliochekwa kisha ukaonekana wa bei nafuu. Ni kweli, ila timu ilikosa mtoano 2018 na 2019.

Wenye timu nao wana lao. Wiki ileile ya kumfukuza walimwacha asaini mkataba mpya wa kipa Mikko Koskinen, dola milioni 4.5 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Bili hiyo aliikuta Ken Holland, aliyeshika kazi Mei 2019.