Afya ya Nyumbani: Mifupa ya Mgonjwa wa Figo

Nabii Zakaria (A.S.) alipomwomba Mola wake mtoto, udhaifu wa kwanza alioutaja ni wa mifupa yake. Yeye alikuwa mzee. Lakini wako majumbani mwetu hata vijana ambao mifupa yao yazeeka kabla ya wakati, nao ni wale ambao figo zao zimeshindwa kazi na damu yao husafishwa kwa mashine, aghalabu mara tatu kila juma.

Wengi hudhani kazi ya figo ni kutoa mkojo tu. Sivyo. Figo ndizo ziikamilishazo vitamini D ili mwili upate kufyonza kalsiamu ya chakula, na ndizo ziondoazo fosfeti iliyozidi. Zikiharibika, fosfeti hujaa katika damu na kalsiamu hupungua. Hapo tezi nne ndogo za shingoni huichota kalsiamu mifupani, mithili ya mtu abomoaye paa la nyumba yake apate kuni. Mgonjwa hahisi kitu, mpaka ateleze kidogo na nyonga ivunjike.

Njia moja ya kuupeleleza udhaifu huo ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mwaka 1984, huko Uingereza, Langton na wenziwe walionyesha namna ya kupima kisigino kwa mawimbi hayo: katika mfupa dhaifu hupita polepole zaidi, wala hayapungui nguvu sana kama yapitapo katika mfupa mzima. Hapana maumivu wala mionzi. Kisigino hupakwa ute, nao uoshwe vema kabla ya kutawadha.

Hata hivyo, kipimo hiki hakikati shauri. Eksirei maalumu ya kupima uzito wa mfupa ndiyo itegemewayo zaidi. Tena mfupa wa mgonjwa huyu huweza kudhoofika kwa kubomolewa upesi mno, au kwa kulala tu, haujengwi wala haubomolewi. Na dawa ya hali moja huweza kudhuru katika nyingine. Sauti haizitambui hali hizi mbili. Hutafutwa kwa kupima damu, na penye shaka kubwa kwa kutoa kipande kidogo cha mfupa.

Basi jamaa wenye huruma wasimnunulie mgonjwa vidonge vya kalsiamu dukani, kwani iliyozidi huganda katika mishipa ya damu. Na wamuulize daktari fosfeti na homoni ya tezi zile zimefikia wapi. Nyumbani, mahali pa kutawadhia pasiwe na utelezi, hasa siku atokayo kwenye mashine, maana huweza kushikwa na kizunguzungu. Akishindwa kusimama katika sala, mwekeeni kiti.