Shairi la Kijana Wetu Lisomwe



Wiki hii wazee wawili wamenijia baada ya Alasiri. Kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Kibuta ametunga shairi, anataka kulisoma kwenye maulidi. Linaeleza posa iliyokataliwa kwa kuwa mposaji ni mweusi mno, na kwao eti ni "watu wa kuja". Wazee wanataka nilizuie. Wanasema litaaibisha watu, na tena Qur'ani imewakemea washairi.

Ndugu yangu, aya isome mpaka mwisho. Suratu Ash-Shu'araa kuanzia aya ya 224 inawakemea washairi wanaosema wasiyoyatenda. Kisha aya ya 227 inawatoa walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Allah kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Hilo la mwisho ndilo letu. Hassan bin Thabit (r.a.) aliwajibu Makuraishi kwa mashairi, na Mtume (s.a.w.) akamuombea msaada wa Jibril.

Na hapa nchini tunaye marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Muislamu, karani wa serikali ya kikoloni. Zama hizo hata shule ziligawanywa kwa rangi: Mzungu yake, Mhindi yake, Mwafrika ya mwisho. Akatunga "Rangi Zetu". Nilipolisoma sekondari nilinung'unika kulikariri, leo namshukuru mwalimu. Hakumtukana mtu. Rangi aliirudisha kwa Aliyeiumba, hivyo anayeidharau akajikuta anabishana na Mola wake, si na karani wa Tanga.

Hayo hayo ningeyasema mimi kwenye hotuba, nusu yenu mngesinzia. Shairi lina vina na mizani, mtu akilisikia mara mbili anaondoka nalo. Atalirudia kisimani, atalirudia kwenye bodaboda, hata yule linayemchoma.

Nami nina la kukiri. Kwenye posa ile nilikuwepo. Nilisikia neno lililosemwa juu ya ngozi ya yule kijana, nikanyamaza, nikanywa chai. Suratu Al-Hujurat aya ya 13 nimeihutubia mara ngapi! Na kisa cha Abu Dharr (r.a.) nakijua: alimkejeli mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Swahaba yule aliambiwa hivyo, sembuse mimi niliyekaa kimya.

Hoja ya aibu ina uzito, siipuuzi. Nimemwambia kijana aondoe beti mbili zinazoonyesha ukoo na nyumba, kwani huko ni kusengenya. Zinazotaja dhulma yenyewe zibaki kama zilivyo. Hapo hatupunguzi hata mizani moja.

Maulidi ni Jumamosi baada ya Isha, in shaa Allah. Wazee wangu wale nimewaomba wakae mbele, karibu na msomaji. Mmoja amekubali.

Wabillahi tawfiiq.