Simu ya Kabambe na Siri ya Mtungi

Kwa miaka mingi wapenzi wa Kiswahili wamebishana juu ya jina la simu. Vitabu vya shule vya Kenya vilishika neno rununu na kulifunza kizazi kizima. Tanzania ikabaki na simu ya mkononi na simu ya kiganjani. Wapo pia walioipigia debe simutamba. Ujumbe mfupi nao ukapewa jina la arafa. Mjadala huo haukuwa wa bure, kwani lugha isiyojiundia istilahi hulazimika kuomba kwa jirani. Hata hivyo, mtu akipanda kutoka Kimilili hadi Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, atagundua kwamba mjadala huo haujafika huko, na huenda usifike kamwe. Huko simu ndogo yenye vitufe huitwa kabambe, au mulika mwizi. Kejeli iliyomo katika jina la kwanza ni tamu: kabambe ni jambo kubwa la kishindo, kama vile mpango kabambe, ilhali simu yenyewe ndiyo ndogo na ya bei ya chini kuliko zote. Jina la pili linatokana na tochi iliyopachikwa kichwani mwa simu kama Nokia 1100, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Wananchi wamekwisha kujipatia majina. Wanachokikosa ni Kiswahili cha kuwafunza namna ya kuitumia simu hiyo bila kuibiwa, na hapo ndipo wasomi wa Kiswahili wanapostahili lawama.

Kapsokwony ni mji mdogo uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mlima Elgon, na sasa uko katika Kaunti ya Bungoma. Wenyeji wake wengi ni Wasabaoti, wakulima wa mahindi, viazi, vitunguu na kahawa. Kiswahili kwao ni lugha ya soko, ya shule na ya ofisi, wala si lugha ya mama. Kabambe inapendwa huko kwa sababu zinazoeleweka. Betri yake hudumu siku kadhaa, jambo kubwa kwa nyumba isiyo na umeme. Ikianguka haivunjiki ovyo. Na usiku tochi yake huonyesha njia. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, simu hiyo si chombo cha kuzungumzia tu. Ni benki. Fedha za vitunguu huingia humo, karo hutoka humo, na mchango wa matanga hupitia humo. Isitoshe, tangu serikali ilipoanza kuwasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku katika miaka ya 2022 na 2023, ujumbe unaompa mkulima idhini ya kuchukua mifuko yake katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hutumwa kwenye nambari yake ya simu. Mkulima anayepokonywa laini msimu wa kupanda amepokonywa zaidi ya simu.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi wa siku hizi una tarakimu nne, na kata zake zimekuwa nyingi mno. Mambo huwa hivi: mama mkongwe anapata ujumbe, anamwita mjukuu amsomee. Mjukuu anasoma. Kisha mama anataka kuchukua pesa zake, hivyo anampa mjukuu simu pamoja na nambari ya siri. Mjukuu asipokuwapo, nambari hiyo hutajwa kwa wakala mwenyewe, au kwa kijana yeyote aliyesimama karibu, tena kwa sauti. Watu wa mjini huyaita hayo ujinga. Si ujinga. Katika jamii ambamo ng'ombe, shamba na watoto huangaliwa kwa ushirikiano, kumficha mjukuu jambo ni sawa na kumshuku, na neno siri lenyewe lina harufu ya uchawi na uzinzi kuliko harufu ya benki. Ndiyo maana onyo la "usimwambie mtu nambari yako ya siri" hupita kama upepo. Linamtaka mtu aache tabia njema aliyolelewa nayo, bila kumpa nyingine ya kushika mahali pake.

Lugha bora ingetenganisha kazi mbili ambazo sasa zimefungwa pamoja, yaani kusoma na kubonyeza. Mjukuu na asome. Nyanya na abonyeze. "Nisomee, mjukuu wangu, nami nitabonyeza" ni sentensi fupi inayolinda pesa bila kumvunjia mtu heshima. Tena inawezekana hata kwa asiyejua kusoma, kwa sababu mpangilio wa vitufe vya kabambe haubadiliki, na kitufe cha 5 kwa kawaida huwa na kijipele kinachohisika kwa kidole. Aliyekwisha kujua 5 iko wapi anaweza kuhesabu juu na chini, kulia na kushoto, hata gizani. Simu za bei kubwa, zenye kioo laini kisicho na alama, zimeikosa neema hiyo.

Kuna tatizo jingine ambalo mwanafunzi wa semantiki angepaswa kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote. M-Pesa inamruhusu mteja kuchagua Kiswahili badala ya Kiingereza, na hilo ni la kupongezwa. Lakini tazama vitenzi ambavyo vimezoeleka katika lugha ya fedha za simu. Toa pesa: kwa mzoefu maana yake ni kuchukua fedha taslimu kwa wakala, kwa mtu wa kawaida sokoni, kutoa pesa ni kumpa mwingine. Weka nambari ya siri: kuweka ni kutia mahali, lakini kuweka ni kuhifadhi pia, na mtu anayeambiwa aweke siri ameambiwa anyamaze. Yaani agizo linalomtaka aitaje nambari limevaa nguo za agizo la kuificha! "Andika nambari ya siri" lingekuwa wazi zaidi, na "bonyeza" lingekuwa wazi kuliko yote. Kwa upande mwingine, yako majina yaliyofaulu. Sambaza na Okoa Jahazi yameeleweka bila kufunzwa na mtu. Na Hakikisha, ile huduma inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji ili akikosea asimamishe pesa zisiende, ni kitenzi kimoja cha kuamuru kinachobeba onyo pamoja na namna ya kulitii. Aliyelichagua neno hilo aliijua kazi yake.

Wakati wasomi wamelala, matapeli wamekuwa wanaisimu hodari. Chukua ujumbe uliosambaa sana Tanzania hadi ukawa mzaha wa mitaani: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Ni maneno machache, lakini sarufi yake ni mtego kamili. Ile ni kionyeshi kirejeshi. Hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wanakijua. Tapeli hajui lolote, ila kionyeshi hicho kinamsaidia kudai kwamba anajua. Hii nayo huvuta jicho kwenye nambari mpya na kuisahaulisha ya zamani. Hakuna salamu wala jina, kwa kuwa jina lingemfichua. Na kwa vile karibu kila mtu ana pesa fulani anazotakiwa kuzituma mahali fulani, iwe kodi, karo au deni la dukani, ujumbe uleule ukipelekwa kwa watu wengi haukosi kumkuta mmoja aliyekuwa akisubiri maelekezo. Mwalimu wa Kiswahili Kapsokwony anaweza kuufundisha ujumbe huo katika kipindi cha vionyeshi. Wanafunzi wake wazoezwe kuuliza, "ile ipi?" Wakifika nyumbani watamuuliza babu swali hilohilo kabla hajabonyeza.

Hila zinazotumika Kenya mara nyingi ni ndefu zaidi, kwani hupitia mdomoni. Unaingia ujumbe kwamba umepokea pesa. Mara simu inalia, na sauti ya unyonge inasema pesa zilitumwa kwa makosa, tafadhali mzee wangu nirudishie, mtoto yuko hospitalini. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, wa uongo hutoka kwa nambari ya mtu, na salio halisi halijabadilika hata senti. Anayeangalia salio kwanza hawezi kurudisha pesa ambazo hakuzipata. Aliyekosea kweli naye ana njia yake, ambayo ni kuupeleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 ili kampuni ishughulikie kurudishwa kwake. Mwingine hupiga akijitia mhudumu wa wateja, huku Safaricom imekwisha kutangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee. Huyo huuliza nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha akaenda kuifanya laini ya mtu kuwa yake. Kuna *100*100# ya kuizuia laini isibadilishwe ovyo, *106# ya kujua ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na 333 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli. Anayeombwa abonyeze tarakimu zinazoanza kwa **21* anaombwa azielekeze simu zake kwa mtu mwingine. ##002# hufuta uelekezaji huo. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandaoni inaufanya ulaghai wa namna hii kuwa jinai, lakini sheria humfuata mwizi pesa zikiwa zimekwisha kwenda. Nambari hizi zote zimetangazwa. Ila kutangaza si kufunza, na mtu anayeona alama ya reli na ya nyota kama mapambo hawezi kuzikumbuka kwa kuzisikia mara moja redioni.

Kuhusu mwili wa simu hakuna haja ya maneno mengi. Mwezi Agosti 2007 kampuni ya Nokia iliwatahadharisha wateja juu ya betri milioni 46 za aina ya BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, kwa sababu baadhi yake zingeweza kupata joto kupita kiasi zikitiwa chaji. Betri za umbo hilo, halisi na bandia, bado zimo katika simu nyingi ndogo. Iliyofura hujulikana kwa urahisi: ilaze mezani uizungushe, nayo itazunguka kama pia. Hiyo si ya kulala nayo chini ya mto. Na anayeacha simu kwenye kibanda cha chaji achomoe laini aende nayo, baada ya kubonyeza *#06# na kuandika mahali zile tarakimu 15 ambazo ndizo alama ya simu yake.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii yote ni ya kampuni za simu. Hoja hiyo ina uzito. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kumtetea mwenye huduma anayemwonya mteja kwa lugha asiyoielewa. Lakini kampuni huajiri watafsiri, na watafsiri hutoka katika idara hizi hizi za Kiswahili, ambako wamefunzwa kupima uzuri wa istilahi kuliko kupima kama nyanya ameelewa. "Usiifichue nywila yako kwa mja yeyote" ni sentensi sanifu isiyo na dosari, na Kapsokwony haina kazi yoyote.

Kiswahili kinachohitajika huko ni cha mtu anayezungumza na mwenye lugha nyingine. Vitenzi viwe vya mkono na jicho, sentensi iwe na jambo moja, na nambari itamkwe tarakimu moja moja. Wanafunzi wanaotoka Mlima Elgon, Bungoma na Kitale wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo kwa gharama ndogo sana. Sentensi moja ya onyo isomwe kwa mzee asiyewahi kuisikia. Kisha aombwe kwa adabu aieleze kwa Kisabaoti, na mwanafunzi aandike alichosikia. Ikirudi ikiwa imepinda, kosa ni la sentensi. Iandikwe upya na ipelekwe kwa mzee mwingine. Ikirudi nzima kwa wazee watatu au wanne, ndipo iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa katika kibanda cha wakala, kando ya karatasi ya ada za kutoa pesa, mahali ambapo macho ya kila mteja hutua akiwa bado hajabonyeza chochote.