Kwanza Tafuta Muuzaji wa Pili

Nimechoka kuombwa na makampuni makubwa niwaandikie programu ya "kuzuia hatari" ya wauzaji wao. Jamani! Tarehe 17 Machi 2000 moto mdogo uliwaka katika kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, kilichowauzia chipu za simu Nokia na Ericsson. Wote wawili walipewa habari. Nokia wakafuatilia kila siku, wakatafuta chipu kwingine. Ericsson wakangoja, na chipu zile hawakuwa na pengine pa kuzinunua. Hasara: kama dola milioni 400. Mwaka 2001 wakaunganisha biashara yao ya simu na Sony. Je, walikosa kompyuta? Hapana! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu ndiyo ugali wangu, lakini tafuta muuzaji wa pili kwanza, kisha niite.