MAONI YETU: BIBI ASIACHWE KULINDA NYUMBA

Ndugu Wanaushirika na Wanakijiji,

Idi inakaribia, na familia nyingi zinapanga kwenda Bagamoyo, zipitie na Kaole kuona magofu ya msikiti na makaburi ya zamani. Vizuri. Lakini kila mwaka maneno ni yale yale: "Bibi miguu haiwezi, atabaki kulinda nyumba." Nani alimwuliza? Sisi tulimwuliza mmoja. Akasema hajaona bahari tangu kiuno kilipomkatalia, na kufuli ya mlango anayo.

Basi tupange mapema. Aulizwe yeye mwenyewe anapenda kushikwa wapi akinyanyuliwa, na choo gani anakiweza. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu wa magoti huharibu safari kuliko hata basi. Mtu mmoja atangulie akaangalie huko mtakakofikia. Kondakta naye aambiwe mapema kwamba kuna kiti cha magurudumu. Mwaka jana mmoja alidai nauli ya kiti! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, ila ukianza kumsomea mlangoni gari linaondoka.

Kwenye mchanga msisukume kwa mbele, magurudumu madogo yatazama. Geuzeni kiti, kiinamisheni nyuma kidogo, mkivute kinyumenyume polepole.

Na ngazi je? Ushirika unao ule ubao mrefu wa kupakilia magunia ya korosho. Siku ya Idi haupakii kitu. Tunaiomba Kamati iuazimishe bure. Ufunguo wa ghala anao Ndugu Katibu. Tafadhali asisafiri nao kama mwaka juzi.

Mhariri