Matawi huvuta samaki, kanuni ndizo huwazidisha

KUPUNGUA kwa samaki katika Ziwa Victoria kumewafanya wavuvi na wataalamu kusaka kila njia ya kurejesha neema iliyowaponyoka.

Ufugaji wa samaki katika vizimba ulisifiwa kuwa mkombozi. Lakini mkasa wa Novemba 2022, ambapo samaki wa vizimbani walikufa kwa wingi Kisumu na kaunti jirani baada ya oksijeni kupungua majini, ulidhihirisha kwamba njia hiyo nayo ina hatari zake, mbali na gharama ambayo mvuvi wa kawaida hawezi kuimudu.

Ndiyo maana mbinu kongwe ya kuzamisha vichaka vya matawi majini ili kuvutia samaki inastahili kutazamwa upya. Haidai mtaji mkubwa. Mvuvi huhitaji fito, matawi, kamba, mawe ya kuzamishia na mtumbwi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halina budi kujibiwa kwanza. Je, vichaka hivyo huzidisha samaki, au huwakusanya tu mahali pamoja ili wanaswe kwa urahisi?

Jibu linategemea muda. Tawi likikaa majini kwa majuma kadhaa, huota utando wa mwani, na humo hukaa wadudu wadogo ambao ni chakula cha samaki. Samaki wachanga nao hupata maficho wasiliwe na wakubwa, na nyavu za kukokota haziwezi kupita hapo. Kichaka kikiachwa kwa miezi mingi, samaki hula, hukua na kuzaana. Kikivuliwa kila mara, huwa mtego tu.

Mfano mashuhuri zaidi uko Benin, katika Ziwa Nokoué karibu na jiji la Cotonou. Maji ya ziwa hilo huchanganyika na ya bahari, na hugeuka kuwa baridi msimu wa mafuriko. Wenyeji walizoea kuchomeka maelfu ya matawi kwenye tope, katika maji ya kina kifupi, na kuyaita acadja. Uchunguzi wa mtaalamu R. L. Welcomme, uliochapishwa mwaka wa 1972, uliyafanya mashamba hayo kuwa gumzo miongoni mwa wanasayansi. Mavuno yanayotajwa kwa kawaida ni kati ya tani 4 na 20 kwa hekta kwa mwaka, hasa samaki wa jamii ya tilapia.

Lakini ufanisi huo umeleta balaa. Matawi huoza na sharti yabadilishwe, hivyo misitu ya kando ya maji imekatwa. Tope limerundikana kati ya fito. Baya zaidi, wenye uwezo wamejitwalia sehemu kubwa za maji, na mvuvi wa wavu mdogo akabaki bila pa kuvua. Ugomvi haukukosekana.

Nchini Marekani hali ni tofauti. Huko, idara za majimbo na wavuvi wa burudani huzamisha miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika katika maziwa ya mabwawa, ikiwa imefungiwa matofali. Mvuvi hutumia ndoana, na sheria humwekea kikomo cha samaki anaoweza kuondoka nao.

Malawi nayo imetoa funzo. Katika Ziwa Malombe, ambako samaki maarufu wa chambo waliangamia kwa uvuvi wa kupindukia, jamii za ufuoni zimetumia vichaka vya matawi kulinda mazalio, kwani nyavu haramu hunasa na kuraruka. Hapo tawi ni askari, si chambo cha ndoana.

Kwa Kenya, ambayo inamiliki asilimia 6 pekee ya Ziwa Victoria, njia ya Malawi ndiyo yenye busara. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na hupokea mbolea kutoka mashambani pamoja na majitaka ya mijini. Matawi mengi yanayooza yatakula oksijeni ile ile iliyokosekana mwaka wa 2022. Kwa hivyo vichaka viwe vichache, viwekwe karibu na mazalio ya ngege, na vitokane na miti iliyopogolewa, si kwa kufyeka miti ya ufuoni.

Sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2016 inatambua vikundi vya usimamizi wa fuo. Vikundi hivyo, kwa ushirikiano na serikali za kaunti, ndivyo vinavyofaa kuamua nani ataweka matawi, wapi, na ni miezi gani hapatavuliwa.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha, akijua mahali ngege walipojazana, hawezi kulaumiwa kwa kutamani kurudi kesho yake. Kanuni zinazoheshimiwa na wote ndizo zitakazomzuia. Zikikosekana, vichaka vitaharakisha kuisha kwa samaki ambao vilikusudiwa kuwaokoa.