Msikiti Kando ya Reli

Woking ni mji wa Uingereza, mwendo wa maili 23 hivi kutoka London. Watu wake wengi huondoka asubuhi kwa treni kwenda kazini London, na jioni hurejea.

Hapo, kando ya reli, ulijengwa mwaka 1889 msikiti wa kwanza nchini humo uliokusudiwa kuwa msikiti tangu msingi wake. Aliyeujenga, Dkt. Leitner, hakuwa Mwislamu. Alifundisha lugha za Mashariki, akataka wanafunzi wake Waislamu wapate pa kusalia. Fedha alitoa Shah Jahan, malkia wa Bhopal, Bara Hindi.

Leitner alipofariki mwaka 1899, msikiti ukafungwa. Miaka zaidi ya kumi treni zikipita, kuba lipo, wenye kusali hawapo. Hili latuuma, kwani nasi twaijua misikiti yetu isiyotimia safu moja alfajiri, na nyumba zimeizunguka!

Mwaka 1913 wakili kutoka Lahore, Khwaja Kamal-ud-Din, aliufungua tena, na hata leo husaliwa. Jirani yake, makaburini Brookwood, wamelala Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, ambao kila mmoja aliifasiri Qur'ani kwa Kiingereza.